Beti za Mgongoni

Kwa miaka thelathini na moja Fundi Jalada alishona madaftari ya ofisi kwenye chumba cha nyuma cha masjala, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akihama nyumbani kwake. Alihama kwa beti. Saa ya mapumziko alichomoa penseli sikioni, akatunga kwenye karatasi mbovu, kwa mizani na vina, kama alivyojifunza kwa kuwasikiliza wakubwa, enzi ambazo mtu asiyejua kutunga alionekana kama mtu asiyejua kuoga. Kila shairi lilikuwa na kibwagizo kilekile: *Mlango nitaufunga, ufunguo niuache.*

Hakumsomea mtu. Mjalidi wa zamani akishamaliza kushona hubandika karatasi mbovu kwenye mgongo wa daftari ili uzi na gundi vishikane, ndipo jalada linapokuja juu yake. Karatasi mbovu ya Fundi Jalada ilikuwa shairi lake. Aliipaka gundi, akailaza, akaisugua kwa mfupa wa kulainishia hadi ikatulia, akaifunika kitambaa cheusi. Aliona hakuna pa siri kupita hapo, kwa kuwa daftari alilolishona yeye halikuwa la kufumuka. Kosa lake ni kudhani kwamba daftari zima lingeheshimiwa daima.

Alipostaafu ililetwa mashine ya kupiga picha kurasa, na mashine haitaki mgongo. Migongo ikakatwa kwa kisu kikubwa, uzi wake wa nta ukamwagika sakafuni kama nywele za kinyozini. Karatasi zikapigwa picha, kisha zikasukumizwa kwenye magunia. Siku hizi hiyo ndiyo wanayoiita kuhifadhi.

Siku aliyokwenda kuchukua nyundo na sindano zake, karani wa masjala, binti mwenye adabu zake, alimwamkia kwa furaha. Akamweleza kuwa ameona maandishi ndani ya migongo, akaujua mwandiko kwa lebo alizoziandika zamani juu ya majalada. Alikuwa ameyalowesha kwenye maji ya vuguvugu, akayabandua taratibu, akayaanika. Mashairi arobaini na matatu.

"Nimempelekea mama nyumbani asubuhi, mzee wangu," alisema. "Nimeona yeye ndiye wa kwanza kuyastahili."

Fundi Jalada alishukuru. Aliitafuta hofu kifuani, hakuiona. Alijua tu kwamba mkewe anasoma, na kwamba kabla jua halijazama huenda akawa hana pa kulala.

Njiani alipita kituo cha mabasi ya mbali, akasimama. Mashairi yake yote yaliishia mahali kama hapa. Utingo akamuuliza anakwenda wapi. Akajaribu kukumbuka, lakini hapakuwa na shairi hata moja lililotaja mji.

"Nipo tu," alijibu.

"Basi kaa pembeni, mzee, wanaokwenda wapite."

Akakaa pembeni. Wanaokwenda wakapita. Kisha miguu ikamrudisha nyumbani, yeye akiwa kama mzigo juu yake.

Mkewe alikuwa mezani, miwani puani, karatasi zimepangwa mbele yake kama vitambaa vya kushona. Alimuuliza kama amekula. Alikuwa bado. Akampakulia, akangoja amalize, akaosha sahani, akaifuta. Fundi Jalada aliwaza kwamba akifukuzwa itabidi alishushe sanduku lililo juu ya kabati, nalo limejaa nguo za utotoni za watoto wao.

"Mlango wetu una komeo," mkewe alisema. "Tangu tuhamie hapa hatujawahi kuwa na ufunguo. Ungeacha ufunguo gani?"

"Komeo lina mizani tatu. Nilihitaji nne."

"Kumbe kilichokukwamisha ni mizani."

Ilibaki kidogo wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Na mimi simo humu, bwana. Nimejitafuta tangu asubuhi. Paka yumo. Bomba linalovuja limo. Mtu akimkimbia mkewe, si angalau amtaje?"

"Sikuwa nakukimbia wewe."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

Alitazama viganja vyake, vilivyokuwa na gundi ya miaka ndani ya mikunjo. Mwenye ulimi mwepesi angedanganya. Yeye alisema hajui, na huo ukweli haukumsaidia mtu.

Mkewe alivua miwani. "Ukae au uende, yote sawa kwangu leo. Ila sema kwa mdomo, si kwa penseli."

"Nakaa," alisema, akajisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Haya."

Mkewe hakuyachoma mashairi wala kuyatupa. Wiki iliyofuata alisafisha kabati la vyombo, akayapunguza kwa mkasi, akayatandika kwenye rafu kifudifudi. Alisema ni karatasi nzuri, nene, siku hizi hazipatikani.

Tangu hapo kila asubuhi Fundi Jalada huchukua kikombe juu ya safari zake. Vikombe vyenye maji vimeacha alama za duara, na penye unyevu maandishi hujitokeza kinyumenyume. Siku moja aliona pembe ya karatasi imenyanyuka. Mkewe alikuwa uani, anaanika nguo. Fundi Jalada akaenda kutafuta gundi, akaipaka kidogo, akailaza kwa kidole gumba, akaisugua hadi ikatulia.