Maji Mekundu Chini ya Baraji

Mwaka huu tunakula mateke, ndiyo magimbi. Maharagi yaliozea shambani kwa mvua, mihogo nayo ikaharibika ndani, basi tunachimba mateke bondeni, tunachemsha, tunakula asubuhi, tunakula jioni. Mwaka mwingine wa namna hii niliuona mara moja tu, nikiwa mtoto sijang'oa meno ya mbele, hapahapa Gashonga. Lakini ule mwaka tuliyala na samaki, tena samaki wanono. Nikikueleza walikotoka wale samaki, utajua kwa nini nina hasira leo.

Baba yangu alikuwa na baraji. Usifikirie saruji, rafiki yangu. Lilikuwa tuta la udongo lililofunga kijito, na nyuma yake maji ya kufugia samaki. Lilijengwa kwa majembe na vikapu. Akina mama waliukanyaga ule udongo kwa miguu wakiimba, safu juu ya safu, mpaka kisigino kikawa hakiachi alama. Mti hata mmoja haukuruhusiwa juu yake. Majani yalikatwa mafupi ili penye unyevu paonekane. Kila asubuhi, kabla ya uji wa mtama, baba alivua viatu akatembea chini ya tuta, polepole, akipapasa kwa nyayo. Mimi nilimfuata na sahani nyeupe ya mama, ile ya bati yenye ua katikati. Palipotona maji nilikinga, nikaiweka sahani chini, tukangoja yatulie. Yakibaki safi, tunakwenda kunywa uji.

"Maji kutoka si kitu," alizoea kuniambia. "Tazama yanatoka na nini."

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka vyura wakaingia jikoni. Asubuhi moja ua la sahani halikuonekana. Udongo mwekundu wa tuta lenyewe ulikuwa umelala juu yake. Baba alichukua jembe, akaenda pembeni penye ardhi ngumu, akachimba mfereji ili maji yashuke kidogo kidogo. Alichimba mpaka jua la kichwa. Samaki wake wote, aliowalisha majani ya mihogo kwa mkono wake, walitoka na yale maji, wakawa wanapigapiga mikia kwenye nyasi. Jirani yetu, mama mmoja aliyekaa chini ya baraji na watoto wake, alikuja kuwaokota kwa kikapu, huku akicheka. Bonde zima lilinuka moshi wa samaki. Mama yangu alilia. Baba akamwambia samaki atatafuta wengine.

Sasa sikia. Mjukuu wa yule jirani ndiye mwenye baraji mpya, palepale pa zamani. Mimi niliolewa mjini Kamembe, nikashona nguo za watu miaka mingi, na niliporudi nikakuta bonde langu limekuwa mahali pa starehe. Kuna mitumbwi ya rangi inayokwenda kwa kukanyaga pedali, muziki, brosheti za mbuzi kwenye vijiti, vijana wa mjini wanajipiga picha. Hilo sina shida nalo, watu wacheze. Lakini mahali pa kupitia maji yakizidi, yeye amejenga kibanda cha bia! Juu ya tuta amepanda miti ya avoka, ati kivuli. Na chini ya tuta, hatua chache tu, ni nyumba ya mwanangu, wanamolala wajukuu wangu wanne, watoto wazuri kuliko wote Gashonga, asinibishie muntu.

Jumapili iliyopita mwenye baraji alituita sisi tunaokaa chini ya tuta. Mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, alikuwepo na kalamu. Karatasi ilisema tumeiangalia baraji, tumeona ni nzima, hatuna la kulalamika. Bila karatasi hiyo hapewi ruhusa ya kufungua kwa sikukuu. Majirani wote walitia sahihi, wakapewa fanta, wakanyamaza. Mimi kuandika najua, lakini kwa kuona mvi wakaniletea wino wa kidole.

Nikavua viatu. Nikatembea chini ya tuta mbele yao wote. Ardhi ilikuwa baridi na laini kama bugali isiyoiva, na penye jiwe moja maji yalikuwa yanachuruzika. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anafanya kazi jikoni kwa huyo bwana, anamenya ndizi. Nikamwomba glasi, nikakinga, nikaiweka mezani, tukangoja. Chini ya glasi ukakaa udongo mwekundu, kidole kizima.

Mwenye baraji akacheka. "Mukecuru, bibi kizee wewe, mambo ya baraji ulisomea shule gani?"

Watu wakacheka naye.

"Nilisomea kwa miguu," nikamjibu. "Na bibi yako alisomea kwa samaki ya baba yangu."

Yeye akaanza kusema ni mvua tu, itakauka, batu bote balishatia sahihi. Nikamwambia, "Sitatia kidole, sitatia sahihi. Punguza maji kwanza."

Siku hizi hakuna anayevua viatu asubuhi. Hakuna anayekata majani, hakuna wimbo wa kukanyaga udongo, mashine ilikuja ikamwaga, ikaenda. Hata majirani waliosikia hadithi ya baba yangu kwa wazazi wao walikuwa wanakunywa fanta, migongo wameigeuzia tuta.

Yule bwana akaniinamia sikioni. "Maman, mkwe wako anakula hapa kwangu. Fikiri muzuri."

Nilimtazama mkwe wangu. Viatu vya shule vya wale watoto vinatoka katika jiko hilo, naye anajua, nami najua. Aliinamisha macho. Hakunisaidia, wala simlaumu.

Mkuu wa mudugudu akafungua kalamu yake, akaniomba nirudilie ili aandike nilivyosema. Nikarudilia polepole, neno kwa neno, kalamu isiniache:

"Sitatia kidole, sitatia sahihi. Punguza maji kwanza."