Shavu Langu Kwenye Kongano la Dawa Ruangwa

Jamani, aibu niliyoipata Ruangwa sikutaka hata mume wangu aijue, lakini kwa kuwa mmeshaisikia nusu, bora niwape yote mwenyewe. Mimi hapa Nachingwea natengeneza mafuta ya ngozi kwa ufuta na mwarobaini, peke yangu, jikoni kwangu, na nilikuwa najiona fundi kwelikweli, mpaka wifi yangu Zuhura (dada wa mume wangu, anakaa Ruangwa) alipoingia kwenye kongano la dawa, yaani watengenezaji waliowekwa pamoja washirikiane. Kongano lenyewe ni ua mmoja tu, wakamuaji mafuta huku, maabara pale, wafungashaji kule, akikwama mmoja anamwita jirani, kila ukienda unakuta wamebuni kitu kipya. Mimi nikikwama namwita nani, paka? Nilikuwa namwonea wivu hadi usingizi unakatika.

Basi ikabaki nafasi moja ya mwanachama, wifi akanipigania, nikaitwa nikajieleze mbele ya wataalamu wa kiwanda cha dawa kutoka Dar. Nikafika mapema, nikaona mlango wa maabara uko wazi na ndani hakuna mtu, nikasema ngoja nichungulie kidogo tu hicho kinachomfanya Zuhura atembee kwa maringo siku hizi. Mezani kulikuwa na kikopo cha mafuta ya kahawia, yananukia ufuta. Sasa sisi watengeneza mafuta tuna tabia moja, hatuamini kitu mpaka tukijaribu shavuni, nikachovya kidole, nikapaka, nikatoka mbio.

Zamu yangu ilipofika shavu lilikuwa linawaka moto, nami nimesimama mbele za watu nasema mafuta yangu yanalainisha ngozi, huku jicho la kushoto linajifumba lenyewe. Mtaalamu mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, umepaka hayo mafuta yako leo?"

Nikisema ndiyo, nimeyazika mafuta yangu. Nikisema hapana, mimi mwizi. Nikasema, "Nimeumwa na nyuki."

Bibi mmoja wa Mandawa, anayebangua korosho tangu usichana wake, akasogea akanikagua. "Nyuki gani, mwanangu? Hayo mafuta ya ganda la korosho hayo. Umeyashika wapi?" Watu wakaangua kicheko (na mimi nilidhani nitawadanganya watu wa Ruangwa kuhusu korosho!).

Zuhura hakucheka. Alinijia na kitambaa na maji, akaniambia taratibu, "Wifi, yale tumeyachanganya na ufuta lakini hayajatolewa ukali, tunajaribu kuyafanya dawa ya fangasi. Si ungeniuliza tu? Ningekuonyesha." Hapo ndipo nilipolia, na siyo kwa sababu ya shavu.

Nafasi akapewa mama mmoja wa Matambarale, siku hizi nikienda kwa wifi namwona anapita na koti jeupe la maabara. Nimeapa sitagusa tena kitu cha mtu bila kuomba. Lakini kuacha kulionea wivu lile koti, hapo sijaapa, nisije nikasema uongo mara ya pili.