Mwanamke wa Kwenye Mabango

Baba yetu mdogo watu wote walimwita Brashi. Alikuwa mchoraji wa mabango ya jumba la sinema lililokuwa nje ya mji, pale lami ilipoishia na mabasi kugeuza. Tajiri aliyelijenga alichekwa sana, akaulizwa nani atatoka mjini kwenda kutazama picha porini. Mwaka ule wa kwanza watu walijaa mpaka wakakaa kwenye ngazi, na Jumamosi foleni ililizunguka jengo.

Kila picha mpya ilipoletwa, Brashi alipewa vipicha viwili vitatu vya kuiga. Alitandaza mbao uani na kuanza kazi. Wanaume aliwapatia. Shida ilikuwa wanawake. Alianza vizuri, lakini akifika kwenye pua na midomo mkono ulijiendea wenyewe, na bango likishapandishwa juu ya mlango, mwanamke aliyetekwa na majambazi alikuwa yule yule anayekata tiketi dirishani, mwanya na yote. Mkata tiketi huyo alikuwa mkewe, mama yetu mdogo.

Watu walicheka mpaka basi. Wakifika dirishani walimpa pole.

"Shemeji, tumeona wamekufunga kamba tena."

Naye alijibu bila kuinua macho kwamba kamba si kitu, kazi ni kurudi nyumbani kumpikia aliyekufunga.

Hawakujaliwa mtoto. Sisi watoto wa kaka mtu ndio tuliokuwa wanao, tukashinda pale kama kwetu.

Kisha runinga zikaingia majumbani, na baada yake kanda za video. Waliokuwa wakija kila wiki wakaanza kuja mara moja moja, halafu wakakoma. Paa likavuja, viti vilivyochanika vikaachwa hivyo hivyo. Tajiri alipunguza wafanyakazi mmoja mmoja, hata ikawa mama mdogo anakata tiketi, anafagia ukumbi, na taa zikizimwa anashika tochi kuwaonyesha watu viti. Wakati huo alikuwa keshaanza kukohoa. Baba alimsihi mdogo wake ampumzishe mkewe. Brashi akasema ameshamwomba mpaka amechoka, mwenzake hasikii. Anasema siku dirisha lile likifungwa, jumba limekufa.

Mama mdogo alizidiwa mchana mmoja akiwa pale pale dirishani, kwenye kiti chake. Hospitali hakukaa sana, akatutoka.

Tajiri alifunga jumba mpaka matanga yakaisha. Lilipofunguliwa, bango jipya likapandishwa, na watu wachache waliokuja walisimama chini yake kama kawaida yao. Brashi alikuwa amemchora mwanamke kwa kisogo. Nywele, shingo, mabega, basi. Muuza karanga wa pale mlangoni, ambaye kwa mizaha hakuwa na mpinzani, alivua kofia yake. Tangu siku hiyo wanawake wote wa Brashi waliwapa watu mgongo.

Tajiri naye alipofariki, mwanawe aling'oa viti na kuligeuza jumba kuwa ghala la magodoro. Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na picha kubwa ambayo Brashi aliichora wakati wa ufunguzi, alipokuwa bado anamchumbia mama mdogo: mwanamke mrefu kuliko mlango, anatabasamu. Kijana alitaka ukuta upakwe rangi nyeupe. Baba alimwambia mdogo wake aikatae kazi hiyo, atafutwe fundi mwingine.

"Kaka, fundi mwingine ataanzia usoni," Brashi alisema. "Mimi najua pa kuanzia."

Alianzia miguuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nikaenda kumshikia ngazi. Gauni alilifuta kwa brashi pana, haraka, kama mtu anayepaka choo. Alipofika shingoni aliiweka ile pana ndani ya ndoo, akachukua kile kibrashi chembamba alichokuwa akichorea kope. Kwa kibrashi hicho aliufuta uso, kidogo kidogo, mpaka jua likapinda. Sikumwona akilia. Nilihisi ngazi ikitetemeka tu, nikaishika kwa nguvu zaidi.

Kijana alikuja akaupenda ukuta. Akamwomba juu yake achore godoro, na mwanamke mzuri amelala hapo anatabasamu, maana amesikia kwamba zamani alikuwa hodari wa sura za wanawake.

Brashi alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Aliendelea kujifuta hata ilipokwisha kutakata.

"Godoro nitakuchorea, mwanangu," alisema. "Watu sijui kuchora."

Kijana alicheka, akidhani anataniwa. Kesho yake Brashi alichora godoro la mistari ya buluu na mto wake, likapendeza kweli kweli, halina mtu. Baada ya kazi hiyo alihamia kwetu. Aliishi miaka mingine mingi, na tukitaka kwenda naye mjini, alituomba tupitie barabara ya nyuma, isiyopita penye ukuta ule.