Kidole Nilichokielekeza Angani

Nilipokuwa mtoto enzi za ukoloni, pale Tongoni, kidole cha shahada kilikuwa na miko yake. Hatukukielekeza kaburini, wala kwenye magofu ya msikiti wa kale, wala kwenye kitu chochote ambacho wakubwa hawakukitaja jina. Aliyesahau alikiuma kidole chake papo hapo, la sivyo kingeoza. Tulionyesha kwa kidevu, na aliyezaliwa kwetu alielewa.

Nyumbani mwetu mlinzi wa miko hiyo alikuwa bibi yangu mzaa mama, Mwanahawa binti Kombo. Alikuwa mtu wa utani, lakini si katika mambo hayo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mchana mweupe wa Ijumaa, watu wametoka kuswali. Juu ya ghuba kulikuwa na kitu. Miaka yote hii nimejaribu kukieleza na naishia palepale: kilikuwa kama sinia la shaba lililosuguliwa kwa majivu, kimesimama hewani. Ndege tulizijua, zilinguruma. Hiki hakikuwa na sauti. Kisha kikaondoka kuelekea bahari kuu, mara moja, bila ya kuanza polepole.

"Inamisheni macho," alisema Bibi kutoka barazani. "Hao ni wenyewe, wanapita. Hamkuona kitu."

"Wenyewe" ndivyo alivyowaita majini. Tuliinamisha macho, na kijiji kizima hakikulizungumza tena jambo lile.

Nani aliyepeleka habari serikalini sijui. Baada ya muda lilikuja gari na Mzungu aliyevaa nguo za kiraia, pamoja na mwanajeshi, Mzungu pia. Majina yao sikuyapata na sitayabuni. Mkalimani wao namkumbuka: Karani Mhina, Mbondei wa Muheza. Walikwenda kwanza kwenye mashamba ya chumvi nyuma ya mikoko, wakarudi na mjomba wangu, Athumani bin Mwinyihatibu, amefungwa mikono. Alikuwa na bati jipya la kufunikia chumvi. Wakasema kilichong'aa siku ile ni bati hilo, na kwamba Mjomba alikuwa akiwapa ishara watu wa chombo fulani baharini. Kama hakuna wa kusema vingine, angepelekwa mjini kufungwa.

Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule, wakaulizwa mmoja mmoja kitu kile kilikuwa wapi.

"Kule," alisema Mzee Shekue, jirani yetu, akainua kidevu.

"Kule wapi, mzee wangu?" akauliza Karani Mhina.

"Si kule? Wabondei siku hizi hamwoni?"

Watu wakacheka. "Mimi naona," alijibu Karani bila kugeuka. "Huyu niliyekuja naye ndiye haoni."

Mwanajeshi alikuwa na dira. Akajaribu kuifuatisha na videvu vyetu, lakini kidevu hakionyeshi juu wala chini, kinaonyesha upande tu. Na upande ule, ukianzia pale shuleni, mbele yake ilikuwa mikoko, na nyuma ya mikoko mashamba ya chumvi. Kila aliyekuja kumtetea Mjomba aliinua kidevu, na kila kidevu kilizidi kumzamisha.

Nilimtazama Mjomba ndani ya gari. Hakuwa akimlaumu mtu. Angeulizwa yeye, naye angeinua kidevu.

"Bibi," nikasema, "wanadhani tunasema chumvini. Kilikuwa juu."

"Nyamaza, mume wangu."

"Watamchukua Mjomba."

Huyo alikuwa mwanawe. Bibi akaangalia chini, nami sikujua kama amenikataza au ameniruhusu. Nikasogea mbele, nikanyoosha kidole cha shahada juu kabisa, mbali juu ya mikoko. Mwanajeshi akapiga goti nyuma yangu, akaweka dira begani pangu.

Yule Mzungu wa kiraia akauliza swali moja, na Karani akalifasiri: "Kilikwenda upande gani?"

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kilikwenda. Nilikihamisha kidole kuelekea bahari kuu. Wazungu wale wawili wakatazamana, na habari ya bati haikutajwa tena. Mjomba akafunguliwa kamba.

"Anasema msilizungumze jambo hili na mtu yeyote," alisema Karani Mhina.

"Mwambie," akajibu Bibi, "sisi tulikwisha kulinyamazia kabla yake."

Gari lilipoondoka, Bibi alinishika mkono. "Uma. Umeonyesha mara mbili, uma kwelikweli." Nikauma kwa imani yangu yote, mpaka damu ikatoka. Kidole kikavimba, kikageuka rangi, na mwishowe wakanikata pingili ya juu hospitalini.

"Nilisema kitaoza," alisema Bibi.

"Kimeoza kwa meno, mama, si kwa majini!" Mama alikuwa akilia.

"Na nani aliyemtuma aume?"

"Wewe!"

"Haya basi," akasema Bibi, kana kwamba hilo limemaliza shauri. Kwake yeye nadhani lilimaliza: kwa meno au kwa majini, mwiko ulikuwa umelipwa.

Mimi sasa ni mzee wa Ngamiani, mjini. Juzi mjukuu wangu alinisomea katika simu yake kwamba serikali za nchi kubwa zimekiri kuwa wanajeshi wao walichunguza kwa siri vitu vya angani visivyojulikana. Akaniuliza kama chetu kilikuwa kimojawapo. Nikamwambia sijui, naye akadhani namficha.

Kama Wazungu wale walikwisha kujua, bati lilikuwa la nini? Huenda lilikuwa pazia tu, na Mjomba angeachiwa hata kama ningekaa kimya. Huenda walihitaji mtu wa kumfunga, na mtoto akawaharibia. Nilipokuwa mtu mzima nilimweleza Mjomba Athumani mawazo haya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe unauliza wao walijua nini. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Niliona mkono mmoja tu."

Sikijui nilichokiona, na walioniuliza siwajui majina. Lakini jioni ile Mjomba alikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa papa nyumbani kwa mama yake, akaomba kuongezwa.