Kijiko Ambacho Hatukuwa Nacho

Nyumbani kwetu Hasamba hakukuwa na kijiko. Ugali tulikula kwa mkono, uji tulikunywa kwa kibuyu, na mboga tulipakua kwa upawa. Kwa hiyo dresa, mgawa dawa wa zahanati, aliponijazia chupa kwinini ya maji na kusema mdogo wangu anywe kijiko kidogo kimoja asubuhi, mchana na jioni, sikuondoka.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Kijiko kidogo kikoje, bwana?"

Waliopanga foleni wakacheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwambie upawa, bwana dresa, tuendelee."

Waliponicheka ndipo nilipozidi kukaza miguu. Dresa akaona sitoki, akainua kijiko chake nikitazame. "Hiki hapa. Ukipata cha mezani, kile kikubwa, kimoja kinajaza hivi vinne. Usizidishe. Kwinini ikizidi kwa mtoto masikio yanaziba, na moyo unaweza kusimama."

Baba alikuwa amekufa, kisha mama. Mimi ndiye dada mkubwa, na niliacha shule darasa la pili ili nilime. Ndugu walitaka kutugawana, huyu huku na yule kule, nikakataa. Sasa mdogo wangu, ambaye hata mbuzi alikuwa hajaanza kuchunga, alilala kando ya moto akitetemeka, hanitambui.

Kijiko niliazima kwa mwalimu wa kanisa. Kilikuwa kile kikubwa cha mezani, cha kunywea mchuzi. Nikatafuta kibuyu chembamba, nikakata ncha ya shingo yake, upande ulioziba, nikapata kikombe kidogo kama kidole gumba. Nikajaza kijiko maji na kuyagawa humo. Kikombe kilikuwa kirefu mno. Maji yaliisha kabla hakijajaa mara ya tatu. Nikakipunguza kwa kisu, nikapima, nikapunguza tena, mpaka maji ya kijiko kimoja yakakijaza mara nne kamili.

Shangazi, dada yake baba, alinikuta nikimnywesha mtoto. Alikuwa amekuja na upawa wake.

"Hicho ni nini? Unampa dawa au unampaka midomo?"

"Ndicho kipimo, shangazi."

"Kipimo. Sisi dawa za mizizi tulikunywa mpaka tumbo linajaa, na tulipona. Mtoto anakufa, wewe unampimia kama unauza chumvi. Lete chupa."

"Sileti."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia, shangazi. Ukitaka kunipiga, nipige. Chupa haitoki."

Kwetu dada wa baba ni sawa na baba mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Alinipiga mgongoni kwa mpini wa upawa, nami nikainama juu ya chupa mpaka mkono wake ukachoka. Jirani mmoja alisema mlangoni kwamba shule kidogo imeniharibu. Nilimwambia shule ningeipata nyingi ningeharibika zaidi.

Tangu hapo chupa ilikaa ndani ya nguo yangu. Nikienda kisimani ilikwenda nami. Mtoto aliponywa alilia kwa uchungu wa dawa, na shangazi, aliyekataa kuondoka, alisema mtoto analia kwa njaa ya dawa. Niliogopa, sitaficha; huenda shangazi alisema kweli, na huenda ningemzika ndugu yangu nikiwa nimekumbatia dawa ambayo ingemponya. Lakini macho yangu yalikiona kile kijiko cha dresa, na sikuona sababu ya kuyakana macho yangu kwa sababu ya fimbo.

Kisha asubuhi moja jasho likamlowanisha mtoto hadi kwenye mkeka. Akanitazama.

"Dada, ugali upo?"

Shangazi akamgusa mtoto paji la uso. "Basi mpe iliyobaki yote, iishe."

"Ataimaliza kwa kipimo, shangazi."

Alichukua kapu lake akaondoka bila kuaga. Sikumfuata kuomba radhi. Nilipuliza moto, nikabandika maji ya ugali.