Sanduku la Ndoano Lililobaki kwa Baba Mdogo

Ndoano ya kwanza iliniingia kidoleni kabla sijaiona. Nilikuwa nimefungua belo ya jaketi za wanaume sokoni Daraja Mbili, nikawa napekua mifuko kama tunavyofanya wauza mitumba wote, kwa sababu nguo hizi hazitoki ng'ambo zikiwa tupu. Nimewahi kupata humo leso, picha za harusi, hata meno ya bandia. Safari hii nilishika kizibao chenye mifuko mingi midogo, na kifuani kimeshonewa kipande cha sufu ya kondoo. Nilipoigusa ile sufu, kitu kikaniuma na kikakataa kuachia.

Mama tunayepakana naye vibanda ni mtu wa upande wa ziwani, na wazee wake walikuwa wavuvi. Aliazima koleo kwa fundi viatu, akaisukuma ndoano itokee upande wa pili wa nyama, akakata ncha, akaivuta. Alifanya hivyo huku akinisimulia habari za mkutano wa shule, ili nisiangalie. Baadaye akaiweka kiganjani mwake, akaniambia hiyo ilikuwa ndoano ya kumdanganya samaki. Ilikuwa imefungwa manyoya na uzi mwembamba ili ifanane na mdudu. Kwao, alisema, samaki hupewa mnyoo wa kweli.

Kwenye ile sufu zilibaki ndoano nyingine nane za namna hiyo. Kizibao nilikiuza siku hiyo hiyo. Ndoano nilizichomeka kwenye kipande cha godoro, nikazitia ndani ya mkebe wa biskuti, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kuona za aina hiyo nikiwa mtoto, zamani sana, nyumbani kwetu karibu na Ikonge.

Baba yangu na mdogo wake walifanya kazi ujanani kwenye shamba kubwa la majani chai, ng'ambo ya mpaka wa wilaya yetu, upande wa mashariki. Baba mdogo alikuwa jikoni kwa meneja, Mzungu mmoja mzee. Baba alikuwa akimbebea mizigo Jumapili alipokwenda kuvua kwenye mito ya baridi huko juu msituni. Yule mzee alipoondoka nchini, aliwaachia ndugu hawa wawili fimbo ya mwanzi yenye rili ya shaba ya kukunjia mshipi, na sanduku la bati lililojaa vyambo vya bandia. Aliwaambia ni vyao wote wawili.

Mto wetu haukuwa na samaki wa Mzungu. Ulikuwa na samaki wenye magamba mapana ya rangi ya shaba na midevu miwili mdomoni, na hao ndugu wawili walijifunza kuwapata kwa vijiko vidogo vya chuma vinavyozunguka majini. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo kambare, asiye na magamba, alipewa jirani Mkatoliki aliyeishi ng'ambo ya kijito. Jumapili alasiri tulikuwa tukiwaona wakipanda mlima kurudi kutoka mtoni, baba mbele na fimbo, baba mdogo nyuma na sanduku. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mama alikuwa akisema walizungumza na mto kuliko walivyozungumza na wake zao.

Halafu baba mdogo akapanda mikaratusi kwenye sehemu yake ya shamba, chini kabisa, karibu na maji. Alitaka mbao za kumjengea mwanawe. Miti ilikua haraka. Mwaka wa ukame uliofuata, chemchemi tuliyokuwa tukichota wote ikawa matope, na baba akasema ni ile miti inayokunywa maji. Alimwambia ndugu yake mara moja, labda mara mbili. Siku moja baba mdogo alipokuwa ameenda Itumbe kumwona shemeji yake aliyefanya kazi kiwandani, baba alichukua panga na shoka, akashuka, akaikata yote. Nilikuwa nimeolewa tayari, sikuwepo. Mama alinieleza kwamba baba aliporudi alinawa mikono, akaketi kula, asimwambie mtu alikotoka.

Baba mdogo alikuja hadi uani kwetu jioni hiyo. Hakumpigia baba kelele. Alimgeukia mama, akamwambia kwamba ni yeye aliyemfundisha mumewe ubaya. Kisha akaondoka. Wazee wa kanisa waliitisha kikao, wakaitisha kingine, na kila mara mmoja wa ndugu hao hakufika. Watoto wetu walikua bila kujua kwamba yule mzee wa boma la pili ni babu yao. Fimbo ilibaki kwetu, imening'inizwa ukutani kwa misumari miwili. Sanduku lilibaki kwa baba mdogo. Hakuna aliyekwenda tena mtoni, kwa sababu fimbo bila chambo haivui, na chambo bila fimbo hakifiki majini, na hakuna aliyekuwa tayari kuomba.

Hayo yalidumu zaidi ya miaka kumi na mitano.

Baada ya siku ile ya kidole, niliwaomba wenzangu sokoni waniwekee chochote cha uvuvi watakachokuta mifukoni. Walinicheka, lakini waliniwekea. Nilipata chubwi za risasi, boya jekundu lenye ufa, kijiko cha shaba chenye alama ya meno. Kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu mjini Kisii nilipata rili iliyoganda kwa kutu, nikailoweka kwenye mafuta ya taa wiki nzima mpaka ikakubali kuzunguka. Nilifurahi siku hiyo peke yangu, nikiwa nimesimama jikoni na mikono myeusi, na sikujua nimweleze nani.

Nilimpelekea baba mkebe wangu Jumapili moja. Presha ya macho ilikuwa imemwacha na mwanga kidogo tu pembeni. Nilihofia angejichoma, lakini vidole vyake vilijua zaidi ya macho yangu. Alishika kila chambo kwa mgongo wa ndoano, akakipima uzito, akakitambua. Hiki ni cha maji yanayokwenda kasi. Hiki cha asubuhi, kabla jua halijagusa maji. Hiki manyoya yake yamefungwa na mtu asiye na haraka. Nilikuwa sijamsikia baba akisema maneno mengi hivyo tangu nizaliwe. Kila mara alianza na "tulikuwa", akafika mahali, akakatisha, akaomba kingine.

Nikawa naenda kila Jumapili. Mama alituletea chai, akatuacha. Baba alizidi kuuliza kama nimewahi kupata samaki wa mti, chambo kilichochongwa, mdogo kama kidole gumba, kichwa chekundu, jicho moja limetoka. Nilitafuta. Nilimletea samaki wa mti wawili wa mitumba, mmoja wa kijani, mmoja wa rangi ya maziwa. Aliwashika, akawarudisha.

"Si huyu," alisema. "Yule jicho lake nililing'oa mimi mwenyewe, kwenye jiwe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiniuliza kuhusu soko.

Sikumuaga. Nilipita nyuma ya majani chai, nikaingia kwa baba mdogo. Nilikuwa nimepewa jina la mama yao, kwa hiyo tangu utotoni ndugu hao wote wawili waliniita mama. Nilijiuliza kama bado angeniita hivyo. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alinitazama kwa muda.

"Bwakire, mama," akanisalimu. Kisha akasogeza ungo ili nipate nafasi.

Nilimweleza nilichokuja kutafuta. Hakuuliza kwa nini. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati, amelifunga kwa kitambaa kilicholoa mafuta. Nondo walikuwa wamekula manyoya karibu yote. Ndoano nyingi zilibaki uchi na uzi unaning'inia. Lakini vijiko viling'aa, bawaba za sanduku zilifunguka bila sauti, na katikati, kwenye chumba chake, alikuwapo samaki wa mti mwenye kichwa chekundu na jicho moja. Alikuwa akivipaka mafuta vitu hivyo kila mwaka baada ya mvua za masika. Mke wake, marehemu sasa, alikuwa akimwuliza ni vya nini, naye aliendelea kupaka.

Nilimwambia baba haoni tena. Alikuwa amesikia. Nikamwambia anamwulizia huyu samaki. Akaendelea na maharagwe, na mimi nikamsaidia, tukamaliza ungo mzima.

"Miti ingekua mingine," akasema mwishowe. "Nilingoja aje aniambie kwamba amekata. Nilingoja siku ile, na wiki ile. Mpaka leo hajaniambia."

Sanduku hakunipa, na mimi sikuliomba.

Jumapili iliyofuata nilimpa baba maneno hayo kama nilivyoyapokea. Wiki mbili hakutaka kushika mkebe. Mama alinilaumu, akasema nimechimbua kilichozikwa, na kwamba mwanamke aliyeolewa haji kupanga boma la baba yake. Nilikaa nyumbani kwangu Kisii nikiamini kwamba nimewaharibia kile kidogo walichokuwa nacho, ukimya ambao walau walikuwa wameuzoea.

Wiki ya tatu baba alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniambia nije, na nije na viatu vya matope.

Nilimkuta amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Sabato. Aliniambia niiteremshe fimbo. Nikamshika mkono, tukapita nyuma ya majani chai polepole, maana njia ilikuwa ya utelezi na yeye hakuwa ameikanyaga kwa miaka yote hiyo. Kwenye lango la mdogo wake alisimama. Nilimwona baba mdogo akitoka mlangoni, akaganda. Walisimama hivyo, hatua kama kumi baina yao, mmoja akiona na mwingine haoni.

"Yupo?" baba akaniuliza.

"Yupo."

Akanyoosha shingo kuelekea nyumba. "Nilikata miti yako."

"Ulikata," baba mdogo akasema.

"Nilikosa."

Baba mdogo alimsogelea, akaichukua fimbo mkononi mwangu, akaipitisha kiganja chote kuanzia mpini hadi ncha, kama mtu anayempapasa ndama aliyezaliwa. Kisha akaniambia nitoe sanduku ndani, akamshika baba mkono mwingine, na tukashuka mtoni sote watatu, mimi nikibeba sanduku.

Ningependa kusema walipata samaki. Baba mdogo alimfunga yule wa mti kwenye mshipi, akarusha, akakunja, akarusha tena. Chambo kilitua karibu na ukingo. Baba alikaa kwenye jiwe akisikiliza rili, akimwambia aende juu kidogo, aende polepole. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamejaa udongo wa mashamba ya juu, na plastiki zimenasa kwenye mizizi. Msichana aliyekuja kuchota maji alituangalia, akatuambia kwa heshima kwamba hapo hapana samaki, yeye hajawahi kumwona hata mmoja. Baba mdogo alimshukuru, akarusha tena.

Tulikaa hadi jua lilipoteremka nyuma ya mlima. Kurudi, baba alichoka, tukapumzika mara nyingi. Kwenye mojawapo ya mapumziko hayo nilimsikia akimwambia mdogo wake habari za macho yake, jinsi yalivyoanza, upande upi kwanza. Alikuwa hajaniambia mimi hayo.

Walipata miezi saba. Baba mdogo alikuwa akija mara mbili au tatu kwa wiki, wanaketi upande wa nyuma wa nyumba na mkebe wangu na sanduku lile, wakijaribu kufunga upya manyoya ya kuku wetu kwenye ndoano zilizokuwa uchi. Mmoja alishika, mwingine alizungusha uzi. Zilitoka vibaya, nene mno, na hakuna samaki ambaye angedanganyika. Baba alifariki mwezi wa nane, asubuhi, baada ya homa ya siku nne. Kwenye mazishi baba mdogo alitoka kwenye kiti alichopewa kati ya wageni, akaenda kusimama pamoja na wana wa marehemu, na hakuna aliyemzuia.

Sanduku sasa liko kwangu. Baba mdogo alinipa mwenyewe, akaniambia mafuta ni yale ya cherehani, si ya kupikia. Ninapokwenda nyumbani bado anakuja kuketi, na ninamwuliza jina la kila kitu nikiandika kwenye daftari la shule. Mara nyingine ananijibu, mara nyingine analala akiwa ameketi.

Mama humtilia chai. Humkaribisha vizuri, humwuliza hali ya mgongo wake. Akishamaliza kumimina huchukua kikapu chake na kwenda kuchuma mboga za managu, na hukaa huko mpaka mgeni aondoke. Siku moja nilimfuata shambani, nikamwuliza mpaka lini. Alikata jani, akaliangalia upande wa chini kama lina wadudu.

"Baba yako aliombwa neno, akalitoa," alisema. "Mimi nililaumiwa uani kwangu, na mdogo wake bado hajaniambia langu."

Nikachukua upande wa pili wa kikapu, tukaendelea kuchuma.