Moma wa Ploti ya Nyanya

Juzi nilienda Yamumbi kwenye arusi, nikakuta watoto wamezunguka simu wakimtazama nyoka wa ng'ambo, yule anayetikisa mkia kama kayamba. Wakasema kwetu hapajawahi kuwa na nyoka wa maana. Nilicheka, rafiki yangu, kwa sababu mimi nimemwona moma.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazee wetu walitoka Mkoa wa Kati, wakaunda chama, wakachanga pesa, wakanunua shamba la ngano la mzungu na kugawana kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Nyanya yangu, mjane, aliokota ploti yenye mawe na nyasi za kumfika kifuani. Sheria ilikuwa moja: mvua ikianza hujalima, ploti anapewa mwingine. Vibarua wake wawili waliingia asubuhi, wakatoka mbio kabla ya chai. Moma alilala kwenye mawe. Siku hiyo walisema ana futi nne. Kufika Jumapili, pale kanisani, alikuwa na futi kumi na mbili na anafukuza watu.

Mwenyekiti wa chama akaja. "Mama, wachia vijana hiyo shamba. Hiyo nyoka itakumaliza." Kijana aliyemtakia ploti hiyo alikuwa mwanawe mwenyewe. Nyanya alimpa uji, akamsindikiza hadi njiani. Mimi nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Jirani yetu, mama mwenyeji aliyetuletea maziwa lala kwenye kibuyu, ndiye aliyejua tabia ya moma. "Huyo hana mbio, ana hasira tu," alisema. "Ukimpiga, anauma. Mwonyeshe shimo, ataingia mwenyewe."

Basi asubuhi moja, baridi ikiwa bado imemfanya moma mzito, Nyanya na jirani walilaza pipa kuukuu karibu na mawe, mdomo ukimwelekea. Nyanya akamsukuma polepole kwa mti mrefu. Moma akavimba, akafoka kama chai ikimwagikia makaa. Mimi, niliyekuwa mtoto bado, nilipanda juu ya mkokoteni. Kisha akanyooka, akatambaa taratibu kando ya jembe la Nyanya lililolala chini, akaingia gizani. Alikuwa mnene kama paja langu, lakini hakuufikia urefu wa mpini. Wakafunika pipa, wakalibingirisha hadi kwenye kinamasi na kumwachilia.

Tulilima hadi mikono ikatoka malengelenge, mchana tukila viazi vya kuchoma vyenye majivu. Kamati ya chama ilipokuja na mvua, ilikuta mistari ya mahindi. Mwenyekiti akauliza nyoka alienda wapi. Nyanya akamnyooshea mpini wa jembe.

"Urefu yake ni hii. Ile ingine mliongeza nyinyi."

Nyasi zile zimeisha, kinamasi kimejengwa nyumba za kupanga, na moma sijamwona tena miaka mingi. Wale mama wawili nawakumbuka hadi leo. Lakini hati ya ile ploti ninayo mimi, na jina la kwanza lililoandikwa pale ni la mwanamke.